Sifa za kisaikolojia na mafanikio ya kikazi ya wanawake mameneja

Sifa za kisaikolojia na mafanikio ya kikazi ya wanawake mameneja ni mada ya saikolojia ya kazi. Inachunguza uhusiano kati ya tabia za ndani za mtu (kama vile kujiamini, bidii, uchangamfu na ustahimilivu) na namna wanawake wanavyopanda vyeo, wanavyodumu na wanavyofanya kazi katika nafasi za usimamizi. Mada hiyo inamhusu mkurugenzi mtendaji wa benki jijini Dar es Salaam, lakini inamhusu vilevile mwalimu mkuu, mganga mfawidhi wa zahanati au kiongozi wa chama cha ushirika cha wakulima katika kata kama Katumba Songwe, Wilaya ya Kyela, kusini-magharibi mwa Tanzania.

Swali kuu ni hili: je, mwanamke anapata cheo kwa sababu ana sifa fulani, au anaonekana kuwa na sifa hizo baada ya kupewa cheo? Jibu lake lina matokeo makubwa. Kama sifa ndizo zinazoamua, kazi iliyopo ni kuwafundisha wanawake wajiamini zaidi. Kama sivyo, wanaopaswa kubadilika ni wale wanaoteua. Tafiti za zaidi ya miaka 50 zinaonyesha kwamba sifa zina mchango wa kweli, ila wa wastani tu, na kwamba sifa ileile husomwa tofauti ikiwa kwa mwanamume na ikiwa kwa mwanamke.

Maana ya mafanikio ya kikazi

Wataalamu hutofautisha mafanikio ya aina mbili. Ya kwanza ni yale yanayoonekana kwa nje: mshahara, cheo, idadi ya watu anaowasimamia mtu na kasi ya kupandishwa. Ya pili ni yale anayoyahisi mwenyewe, yaani kuridhika na njia aliyopitia na kuona kwamba kazi yake ina maana. Aina hizo mbili haziendi pamoja daima. Meneja anaweza kulipwa vizuri na bado akajiona ameshindwa kwa sababu anaishi mbali na watoto wake. Mwingine anakataa uhamisho wenye cheo kikubwa na hajuti.

Tofauti hiyo ina uzito zaidi katika uchunguzi wa wanawake. Ukipima mshahara peke yake, aliyekataa uhamisho huhesabiwa kuwa hana tamaa ya maendeleo, kumbe ameamua kwa kupima mambo mengine.

Sifa zinazochunguzwa zaidi

Kipimo kinachotumika sana duniani kinagawa haiba ya binadamu katika sehemu tano: uchangamfu mbele za watu, bidii na utaratibu, upokeaji wa mawazo mapya, upole katika kushirikiana na wengine, na wepesi wa kupatwa na wasiwasi. Mwaka 2002 Timothy Judge na wenzake walikusanya matokeo ya sampuli 73 ili kuona jinsi sehemu hizo zinavyohusiana na uongozi. Katika kipimo ambacho 0 maana yake hakuna uhusiano wowote na 1 ni uhusiano kamili, uchangamfu ulipata 0.31, bidii 0.28, upokeaji wa mawazo mapya 0.24, na wasiwasi ulipata hasi 0.24. Upole ulipata 0.08 tu.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa utulivu. Uhusiano wa 0.31 ni wa kweli, lakini unaacha nafasi kubwa kwa mambo mengine: elimu, bahati, nani anakujua, na kama nafasi ilitangazwa au ilijazwa kimyakimya. Tena uchangamfu humsaidia mtu kuonekana kuwa kiongozi kuliko unavyomsaidia kuongoza vizuri. Katika kikao anayesema sana hudhaniwa kuwa anajua sana.

Sifa nyingine ni imani ya mtu kwamba anaweza kutekeleza kazi fulani. Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada, aliieleza mwaka 1977. Kwa maoni yake imani hiyo hutokana hasa na kufanya jambo na kulifaulu, kisha kuona watu wanaofanana nawe wakifaulu, kisha kutiwa moyo na watu wengine, na pia hali ya mwili na hisia wakati wa kazi. Hapo kuna jambo ambalo vitabu vya motisha hulisahau: kutiwa moyo kwa maneno kuna nguvu ndogo kuliko kupewa kazi yenyewe. Mtu asiyepewa kazi ngumu hana mahali pa kuupatia ujasiri wa kuifanya.

Julian Rotter alikuwa amechunguza jambo la karibu na hilo mwaka 1966: kama mtu anaamini matokeo ya maisha yake yanatokana na juhudi zake mwenyewe au yanatokana na bahati na wakubwa. Wanaoamini juhudi zao kwa kawaida huenda mbali zaidi kazini. Lakini ni lazima kuuliza imani hiyo imetoka wapi. Mtu aliyeona mara tatu nafasi ikipewa ndugu wa mkubwa hakosei anaposema kwamba juhudi pekee haitoshi.

Mwaka 1978 Pauline Clance na Suzanne Imes wa Marekani waliandika juu ya wanawake zaidi ya 150 waliofaulu sana katika masomo na kazi, ambao hata hivyo waliamini moyoni kwamba hawastahili na kwamba siku moja wataumbuliwa. Baadaye ilionekana kwamba wanaume pia hupatwa na hisia hiyo. Huwapata zaidi wale walio peke yao wa aina yao katika chumba, kwa mfano mwanamke pekee katika bodi ya wanaume kumi.

Picha ya meneja kuwa mwanamume

Mwaka 1973 Virginia Schein aliwapa mameneja wanaume wa kampuni za bima za Marekani orodha ya sifa 92. Baadhi yao waliulizwa kama sifa hizo zinamfaa mwanamume wa kawaida, wengine mwanamke wa kawaida, na wengine meneja bora. Maelezo ya meneja bora yalifanana na ya mwanamume kuliko ya mwanamke. Mwaka 1975 alirudia uchunguzi kwa mameneja wanawake, akapata matokeo ya namna hiyohiyo. Miaka iliyofuata wanawake wa Marekani waliacha kuona hivyo kwa kiasi kikubwa, lakini wanaume walichelewa kubadilika.

Alice Eagly na Steven Karau walieleza sababu mwaka 2002. Jamii inamtarajia mwanamke awe mpole na mwenye kujali, nayo inamtarajia kiongozi awe na nguvu na uamuzi. Mwanamke akiwa mpole anaambiwa hafai kuongoza. Akiwa na uamuzi anaambiwa si mwanamke wa kawaida. Laurie Rudman naye alionyesha mwaka 1998 kwamba mwanamke anayejisifu kwa kazi yake huonekana ana uwezo, lakini hupendwa kidogo kuliko mwanamume aliyesema maneno hayohayo.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maabara ili kulitambua jambo hilo, kwa maana limo katika msamiati. Mwanamume asiyebadilisha neno lake "ana msimamo". Mwanamke wa tabia hiyohiyo "ni mkali", "ana kiburi" au "ni jikedume". Hata majina ya heshima kazini yana mzigo wake. Meneja mwanamke katika ofisi nyingi za Tanzania huitwa "mama", au "dada" akiwa bado kijana. Jina la mama linampa mamlaka ambayo wafanyakazi wanayatambua tangu nyumbani, na wengi wamelitumia vizuri. Lakini mama hutarajiwa pia kusamehe, kusikiliza shida za nyumbani za kila mtu na kuchangia kila msiba. Anapomwachisha mtu kazi kwa wizi, huhukumiwa kwa kipimo cha mzazi, na meneja mwanamume hakipimwi kwa kipimo hicho.

Je, wanawake wanaongoza vibaya zaidi au vizuri zaidi? Samantha Paustian-Underdahl na wenzake walichambua tafiti 95 mwaka 2014. Kwa jumla hawakuona tofauti ya ubora kati ya wanaume na wanawake. Tofauti ilitokea walipotenganisha nani anatoa alama: viongozi walipojipima wenyewe, wanaume walijipa alama za juu kuliko wanawake; walipopimwa na watu wengine, wanawake ndio waliopata alama za juu. Kwa hiyo mfumo wa kupandisha vyeo unaotegemea mtu kujaza fomu ya kujitathmini na kujipigia debe huanza ukiwa umeegemea upande mmoja.

Kuna pia suala la wakati wa uteuzi. Michelle Ryan na Alexander Haslam, waliochunguza kampuni kubwa za Uingereza mwaka 2005, waliona kwamba wanawake walielekea kuingizwa katika bodi baada ya kampuni kufanya vibaya kwa miezi kadhaa. Anayekabidhiwa mtumbwi unaovuja husemwa baadaye kwamba hakujua kupiga kasia.

Sifa za kuzaliwa au za malezi: mfano wa Tanzania

Mojawapo ya majaribio yanayotajwa sana duniani kuhusu suala hili lilifanyika kwa sehemu nchini Tanzania. Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walitaka kujua kama wanawake kwa asili hukwepa ushindani. Walilinganisha Wamasai wa Tanzania, ambao ukoo wao hufuata baba, na Wakhasi wa kaskazini-mashariki mwa Uhindi, ambao ukoo na mali hupitia kwa mama. Kazi ilikuwa rahisi: kurusha mpira ndani ya ndoo mara kumi. Kila mshiriki alichagua kulipwa kwa kila mpira ulioingia, au kulipwa mara tatu zaidi endapo tu atamshinda mpinzani asiyemwona.

Kati ya Wamasai, wanaume 50 kwa 100 walichagua kushindana, na wanawake 26 kwa 100. Kati ya Wakhasi mambo yaligeuka: wanawake 54 kwa 100 walichagua kushindana, na wanaume 39 kwa 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Hayathibitishi kwamba maumbile hayana nafasi yoyote, lakini yanafanya iwe vigumu sana kudai kwamba kupenda kushindana ni sifa ya kiume.

Kyela na kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Wilaya ya Kyela iko kwenye tambarare yenye mvua nyingi kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ikipakana na Malawi kwenye mto Songwe. Inajulikana kwa mchele wenye harufu nzuri, kakao, michikichi na samaki. Wakazi wengi ni Wanyakyusa, ambao ukoo wao pia hufuata baba.

Wanyakyusa wanajulikana katika fani ya anthropolojia kwa sababu ya utafiti wa Godfrey na Monica Wilson, uliofanyika miaka ya 1930. Katika kitabu chake cha mwaka 1951 Monica Wilson alieleza vijiji vya rika: wavulana wa umri wa miaka 10 hivi waliondoka kwa wazazi wao wakajenga vibanda vyao pamoja, na baadaye kibanda kile kikawa kijiji kamili cha watu wa umri mmoja. Thamani kuu ya maisha hayo iliitwa ukwangala, yaani kufurahia kukaa na wenzako, kula nao, kuzungumza nao kwa heshima na kujifunza kutoka kwao. Wasichana hawakuwa na kijiji chao. Waliolewa na kuingia katika kijiji cha rika la mume, na mke alipaswa kumwepuka kabisa baba mkwe wake.

Vijiji hivyo havipo tena kwa namna ya zamani. Lakini mwanasaikolojia wa kazi akisoma maelezo yale atatambua kitu anachokijua kwa jina jingine: mtandao wa wenzako unaoanza utotoni na kukusindikiza maisha yote. Ukwangala ulikuwa shule ya sifa ambazo vipimo vya leo huziita uchangamfu na kujiamini mbele za watu. Wavulana waliisoma kila jioni. Mke kijana naye alifundishwa kunyamaza na kujificha mbele ya wazee wa kiume, jambo ambalo wakati ule lilikuwa adabu njema, lakini ni kinyume cha kile kinachotakiwa kwa mtu anayesimamia kikao chenye wazee ndani yake.

Leo wanawake wa Kyela wanaonekana kila mahali penye biashara. Wanauza mchele, ndizi, samaki na mafuta ya mawese, wanajua bei na wanapanga safari za mizigo. Kazi hizo zinahitaji bidii, utaratibu na ujasiri wa kuhatarisha mtaji, yaani sifa zilezile zinazopimwa katika usaili wa mameneja. Sifa hizo huonekana kwa shida zaidi zinapofika kwenye vyama vya ushirika vya mazao. Mkakao ni zao la kudumu: mwenye miti ndiye anayepeleka kakao kwenye ghala la chama, ndiye mwanachama na ndiye anayepiga kura. Pale ambapo miti na ardhi vimerithiwa na mwanamume, mke anayechuma na kuanika kakao hana jina kwenye daftari, na asiye na jina kwenye daftari hawezi kugombea uongozi wa chama. Hapo kipimo cha haiba hakiwezi kueleza chochote.

Umbali nao ni kikwazo. Msichana wa Katumba Songwe anayetaka kusomea uongozi chuoni kwa kawaida huanza safari kuelekea jiji la Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara inayopanda kupitia Tukuyu. Familia yenye fedha za mtoto mmoja tu hulazimika kuchagua.

Mafunzo na mipaka yake

Nchini Tanzania Chama cha Waajiri (ATE) kinaendesha programu ya Mwanamke Kiongozi kwa ushirikiano na shirikisho la waajiri la Norwei, NHO, lililoanzisha mafunzo ya aina hiyo mwaka 2003. Programu za namna hiyo zipo pia Kenya na Uganda. Upekee wake ni kwamba mwajiri mwenyewe ndiye anayemchagua na kumlipia mshiriki, hivyo anakuwa amesema wazi kwamba anamtazamia kwa cheo cha juu. Huenda tamko hilo lina kazi sawa na masomo yenyewe.

Kwamba masomo peke yake hayatoshi ilionekana katika utafiti wa Lars Ivar Berge, Kjetil Bjorvatn na Bertil Tungodden, uliochapishwa mwaka 2015. Waliwafundisha biashara wajasiriamali wadogo wa Dar es Salaam, wateja wa shirika la mikopo la PRIDE. Biashara za wanaume ziliendelea vizuri baada ya mafunzo. Za wanawake hazikuonyesha mabadiliko ya namna hiyo. Watafiti walielekeza macho kwenye vikwazo vya nje ya mtu, yakiwemo majukumu ya nyumbani.

Sheria husaidia kidogo hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kijinsia kazini na inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Wanawake waliotangulia

Historia ya Tanzania ina mifano ya wanawake ambao uwezo wao ulijengwa nje ya madarasa ya uongozi. Bibi Titi Mohamed (1926-2000) alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha Dar es Salaam kabla ya kuongoza kitengo cha wanawake cha TANU mwaka 1955. Vikundi vya ngoma vilikuwa na viongozi, michango na nidhamu yake, na ndivyo vilivyompatia watu wa kuanzia. Tunaweza kusema kwamba wanawake wa mjini walikuwa na ukwangala wao.

Anne Makinda, mzaliwa wa Njombe, ng'ambo ya milima inayopakana na ziwa, aliingia bungeni mwaka 1975. Alikuwa Naibu Spika kuanzia 2005 na Spika wa kwanza mwanamke kuanzia 2010 hadi 2015. Tulia Ackson, mzaliwa wa Rungwe, wilaya inayopakana na Kyela, alikuwa mhadhiri wa sheria, kisha Naibu Mwanasheria Mkuu na Naibu Spika mwaka 2015, na Spika mwaka 2022. Mwaka 2023 alichaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Katika benki, Ruth Zaipuna alithibitishwa kuwa mkurugenzi mtendaji wa NMB mwaka 2020 baada ya kusimamia idara ya fedha ya benki hiyohiyo. Wote watatu walishika kwanza nafasi ya chini katika taasisi ileile au iliyo karibu nayo, ambako kazi yao ilionekana kabla ya kupandishwa. Ndiyo njia ambayo Bandura angeitabiri.

Ugumu wa kupima

Vipimo vingi vya haiba vilitungwa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walikitumia kipimo cha sehemu tano kwa Watsimane 632, wakulima na wawindaji wa Bolivia ambao wengi hawakusoma shule. Sehemu tano hazikujitokeza. Sifa zilijipanga kwa namna nyingine. Anayetaka kutumia fomu hizo kuchagua viongozi wa ushirika vijijini anapaswa kuwa na tahadhari, hata kama fomu imetafsiriwa kwa Kiswahili fasaha.

Athari ya kuona mwanamke akiongoza

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na angalau watatu kati yao wawe wanawake. Kuna pia viti maalumu vya wanawake katika halmashauri na bungeni. Watu wengine hulalamika kwamba viti hivyo huwapa nafasi wasiojiandaa.

Uhindi ilichukua hatua kama hiyo mwaka 1993, ilipotenga theluthi moja ya uongozi wa mabaraza ya vijiji kwa wanawake. Kwa kuwa vijiji vilichaguliwa kwa bahati nasibu, watafiti waliweza kulinganisha. Lori Beaman na wenzake waliona katika Bengal Magharibi kwamba wanaume waliowahi kuongozwa na mwanamke waliacha kwa kiasi kikubwa kuwapa viongozi wanawake alama za chini, ingawa waliendelea kusema kwamba wanapendelea kuongozwa na mwanamume. Mwaka 2012 walichapisha matokeo kuhusu vijana wa vijiji 495. Pale ambapo kiongozi alikuwa mwanamke kwa vipindi viwili, wazazi walianza kuwatakia binti zao elimu zaidi, wasichana wenyewe walitaka makubwa zaidi, pengo la elimu kati yao na wavulana lilifutika, na wasichana walipungukiwa na saa za kazi za nyumbani.